Heshima ya Mzee Saburi

Siku ya kwanza kumwona Mzee Saburi, alinichelewesha kazi. Nilikuwa nimetoka kwetu Kisarawe kwenda kwake Janga kupaua banda la kuku. Nilipobisha hodi alikuwa kifua wazi, anapukuchua mahindi. Akaingia ndani, akatoka na kanzu na koti jeusi juu yake, jua lile, ndipo akanikaribisha kiti. Mimi fundi tu, nyundo mkononi.

"Siwezi kumpokea mgeni nikiwa nusu uchi," alisema.

Mwaka uliofuata nilimwoa binti yake, Zubeda. Tulijenga uani kwake, maana mama mkwe wangu, Bi Biasha, alikuwa mgonjwa na Zubeda hakutaka kuwa mbali. Tangu hapo, kwa adabu ya mtu na mkwewe, sikula naye sahani moja, sikuingia chumbani kwake, na sikumwona tena kifua wazi. Tukikutana kwenye kijia, niliingia kwenye mihogo kumpisha. Naye aliingia upande wa pili kunipisha mimi. Kijia kikabaki kitupu.

"Nyie wawili," shemeji yangu Maulidi alitucheka, "siku mkikutana mlangoni, nyumba nzima italala nje."

Mzee alicheka kidogo, mkono mdomoni. Mimi nilitazama chini. Sijawahi kuwa msemaji, na adabu ile ilinipa pa kujificha.

Bi Biasha alipofariki, Mzee alipokea watu siku tatu akiwa na koti lake, anamuuliza kila mmoja kama amepata chai. Hakudondosha chozi. Siku ya nne alikwenda shambani peke yake, akang'oa kisiki cha mkorosho kilichowashinda vijana watatu. Alirudi viganja vimechubuka. Watu wakasema huyo ndiye mwanamume. Mimi pia nilisema.

Mwaka jana alianza kushika ukuta akitembea. Zubeda alipomuuliza, alijibu kwamba anakagua nyufa.

Asubuhi moja Zubeda alikuwa amekwenda sokoni Mlandizi, Maulidi yuko shambani. Nilikuwa naranda mbao uani nikasikia ndoo ikianguka bafuni. Bafu letu liko nje, la mabati, na mlango wake ni pazia la kiroba.

"Baba, kuna nini?"

"Nimeteleza. Nimejigonga kwenye jiwe."

"Niingie nikuinue?"

"Usiingie, mkwe. Sijajistiri."

"Nikurushie shuka ujifunike?"

"Mkono hauinuki. Kamwite Maulidi."

Maulidi ni mwanawe wa kumzaa, yeye angeweza kuingia. Nilimpigia simu, haikupatikana. Mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika kile kiroba. Maji yaliyokuwa yakitoka chini ya bati kwenda kwenye migomba yalianza kuwa mekundu. Niliyaona. Ningeweza kufumba macho nikaingia. Ningeweza kumfunika kwa shati langu. Nimefikiria njia nyingi tangu siku ile, na zote ni rahisi.

Niliachia kiroba, nikaenda. Shambani ni mwendo wa nusu saa. Njiani nilisalimiana na watu wawili, wakaniuliza habari za nyumbani, nikasema nzuri.

Tuliporudi na Maulidi, Mzee alikuwa ameshakata roho. Maulidi alikwenda kuchukua lile koti, akamfunika. Hakunilaumu. Alisema ningeingia, baba yake asingeweza kunitazama usoni tena. Zubeda ndiye aliyeniuliza, mara moja tu, kwa nini sikukimbia.

Nilitembea kwa sababu niliambiwa. Nilipokuwa nageuka kuondoka, Mzee aliniita kutoka nyuma ya bati. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa ileile ya kupokelea wageni.

"Mkwe, usikimbie barabarani. Watu watadhani nyumbani kwangu kuna jambo."