Kidole Juu ya Tundu

Mwanamke huyu anafinyanga vyombo vya mizaha. Mtaani wanamwita Fundi Mazingaombwe, na wapo wanaoapa kwamba ana majini. Upuuzi mtupu! Majini yake ni hewa. Jagi lake maarufu lina vyumba viwili tumboni, kila kimoja na shingo yake nyembamba ya kujazia chini ya kifuniko kinachobana hewa, na mdomo mmoja wa kumiminia. Kwenye mkono wa jagi kuna matundu mawili madogo, moja kwa kila chumba. Ukiziba tundu kwa kidole, hewa haiingii, na kinywaji cha chumba hicho hakitoki hata uliinamishe vipi. Basi jagi hilohilo humimina sharubati, kisha maji, na watazamaji hubaki midomo wazi.

Shida yake ni usafi. Chumba cha kushoto hakifikiwi na mkono wala brashi. Asubuhi ile kilikuwa kimeota ukungu wa sharubati, akakijaza maji yenye kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni inayobabua ngozi. Akaliacha jagi kwenye rafu ya karakana, akaenda kupanga vyungu tanurini. Hakuweka alama yoyote. Nani angeligusa?

Aliporudi, jagi halikuwepo.

Maji yale hayakuwa na rangi wala harufu. Akatoka mbio, mikono imejaa udongo, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Kicheko kilimwongoza uani. Baba mkwe wake alikuwa kitini, jagi mkononi. Mbele yake jirani yao, kinyozi, alikuwa akifuta sharubati kwenye masharubu. Na pale mkekani alikaa Chiriku, bintiye wa miaka minne, ameinua kikombe kwa mikono yote miwili.

"Wewe umepata sharubati," mzee alimtambia kinyozi. "Sasa mjukuu wangu anapata maji. Jagi ni lilelile!"

"Mzee, usitupige changa la macho. Umeficha mpira wa maji kwenye shati!"

"Babu, mimi nataka mengi," Chiriku akadakia.

Jagi lilikuwa limeshainamishwa juu ya kikombe. Kidole kimoja cha mzee kilikuwa kimeshaziba tundu la kulia, na kidole gumba kilikuwa bado kimeziba la kushoto.

Mama alitaka kupiga yowe, lakini akalimeza. Mzee angeshtuka, na mtu akishtuka kidole huinuka. Akasogea taratibu, akapiga magoti kando ya kiti.

"Baba," akanong'ona, "nakuomba usitoe kidole."

"Ala! Mkwe wangu naye! Unaogopa nitakuharibia biashara?" Mzee akacheka, na jagi likacheka naye mkononi.

"Baba, humo mna kostiki. Usitoe kidole."

Kicheko kikakatika. Mzee akakandamiza kidole. Kinyozi akamnyakua Chiriku kwapani kama mzigo, kikombe kikabingirika. Mfinyanzi akaweka kidole chake ubavuni mwa kile cha mzee, akakisukuma kidogo kidogo mpaka tundu likawa lake. Ndipo akalisimamisha jagi. Hakuthubutu kuachia. Alitembea nalo hivyo hivyo hadi shimo la maji machafu nyuma ya nyumba, ndipo akainua kidole, akalimwaga lote, na hata lilipokauka kidole chake kikarudi chenyewe pale pale tunduni.

Mzee alimfuata, uso umemshuka.

"Nilifungua kifuniko nikaona maji upande mmoja. Nikajua umeniandalia. Nikatia sharubati upande wa pili."

"Ungejuaje, Baba? Mimi ndiye sikusema."

Mama akamchukua mtoto kwa kinyozi, akamketisha kando ya ndoo, akamtia maji mdomoni.

"Sukutua. Tema."

Chiriku akatema. Akapewa mengine, akatema.

"Mama, mimi sijanywa kitu!"

"Najua," akasema, akichota tena kwa kata. "Tema tena."