Wageni Waliopelekwa kwa Mjumbe

Kabla mgeni hajavua viatu, Chausiku alikuwa akimwambia, "Twende kwanza kwa mjumbe." Kwao Handeni ndivyo alivyokuta: mtu akilala kwako, mjumbe wa nyumba kumi aujue uso wake. Kwa hiyo mumewe alipomwacha akabaki na nyumba ya Kilole, mjini Korogwe, na binti yake Faudhia akaviweka vyumba viwili mtandaoni kwa wasafiri wa siku mbili tatu, hakuona kama kuna sheria zaidi ya hiyo. Darasani hakuwahi kukaa, lakini kukaa na watu alijua.

Mjumbe wao, Mzee Sadala, aliwapokea barazani. "Karibu Korogwe, mwanangu. Kwa mama huyu hulali njaa." Mgeni akigeuka tu, mzee anauliza, "Mama Faudhia, leo jikoni kuna nini?" Na sahani ya mjumbe inapelekwa. Siku moja Chausiku alimuuliza wazi kama kuna mahali pengine pa kwenda kujiandikisha. Sadala alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi si ndiyo serikali yako? Lala usingizi wako."

Akalala.

Mwaka huu Sadala akamaliza kujenga vyumba vyake mwenyewe vya kulaza wageni, vyenye feni na bafu la ndani. Haukupita muda, afisa biashara akaja kwa Chausiku na mgambo wawili. Akataka leseni, akataka kitabu cha wageni. Chausiku akasema hana, ila wageni wote mjumbe anawajua, aitwe.

Sadala akaja na kanzu iliyopigwa pasi.

"Mimi? Mimi naona watu wanapita na mabegi, nikadhani ni ndugu zake. Huyu mama ana ndugu wengi."

Mgambo wakacheka. Vyumba vikafungwa.

Afisa hakumdharau. Alimweleza taratibu kwamba kumpeleka mgeni kwa mjumbe ni ujirani mwema, lakini anayelaza watu kwa malipo lazima asajiliwe. Chausiku alielewa palepale. Halikuwa jambo gumu hata kidogo. Kilichomchoma ni kwamba Sadala alilijua siku zote, na alikula kuku wake huku akilijua.

"Sasa naanzia wapi, baba?"

"Mtaani. Mjumbe wako ashuhudie kwamba anakufahamu na nyumba ni yako."

"Mjumbe yupi?"

"Huyohuyo, mama. Huna mwingine."

Akaenda. Mara anaambiwa Sadala anaoga, mara yuko msibani Kwamndolwa, na sauti yake inasikika uani. Chausiku akangoja Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini na kukaa barazani kwa Sadala kunywa kahawa.

"Shikamoo, Mzee Sadala."

"Marahaba, Mama Faudhia. Ndugu zako hawajambo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Chausiku akasubiri kiishe.

"Hawajambo. Yusta, yule nesi wa Mkumbara uliyemwomba akupime presha hapo hapo ulipokaa, anakusalimu. Na fundi Jonathan aliyekutengenezea redio bure. Niendelee?"

Kicheko kikakatika. Mzee Iddy, jirani wa ukuta mmoja, akakuna kidevu. "Siku ya redio hata mimi si nilikuwepo, Sadala? Ulisema ni mgeni wa Mama Faudhia."

Sadala akaweka kikombe chini. "Unataka nini, mwanamke?"

"Unachowapa wengine. Sahihi." Akamnyoshea karatasi.

Sadala aliitia juu ya goti, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. "Usije ukasema sikukusaidia."

Maisha yake yote Chausiku alikuwa mwepesi wa kusema asante, hata kwa mume aliyewahi kumfukuza jikoni mwake mwenyewe. Safari hii neno halikumtoka. Akaikunja karatasi, akapita katikati ya vikombe vyao, akashika njia ya ofisi ya mtaa. Leseni ilikuwa bado mbali, na ikitoka wangekuwa majirani wa biashara moja, kila asubuhi salamu kwa salamu. Salamu angempa. Sahani, asubiri mpaka azikwe.