Kofi Ambalo Sikuliandika

Mwanangu, unayeanza kazi ya uuguzi mwezi huu, ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka jinsi vitanda vilivyopangwa. Nilikuwa kijana, wodi ya wanaume, hospitali moja huku Same. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, mchana. Mzee mmoja kutoka kijiji cha Kisiwani alikuta dripu ya mwanawe imekwisha haijabadilishwa. Wagonjwa walikuwa thelathini na wawili, sisi wauguzi wawili. Hakuuliza. Alimpiga kofi mwenzangu Nakijwa, kofia yake ikaangukia uvunguni. Kisha mzee akaketi sakafuni, akalia.

Nikachanganyikiwa. Nimpe pole nani? Aliyepigwa anatafuta kofia, aliyepiga analia kama aliyefiwa. Nikampa mzee maji.

Saa nane, kabla ya kukabidhi zamu, nilifungua kitabu cha ripoti. Nakijwa akaninong'oneza nisiliandike kofi, watasema yeye ndiye mkorofi. Nikaona afadhali, funika kombe mwanaharamu apite. Nikaandika joto la kila mgonjwa, na chini yake: "Wodi shwari."

Baada ya wiki mbili ndugu wa mzee walileta malalamiko kwamba Nakijwa alimtukana mzee wao. Barua ya kumsimamisha kazi ikaandaliwa. Matroni, mama wa milimani asiyejua kupandisha sauti, akaniita, akafungua kitabu.

"Nanzia, siku hii wodi ilikuwa shwari?"

"Hapana, Matroni. Nakijwa alipigwa."

"Umewapima joto watu thelathini na wawili. Wa thelathini na tatu kapigwa mbele yako, hukumwona?"

Nikashika kalamu niongeze mstari palepale. Akanizuia mkono.

"Hapo usiguse. Andika leo, kwa tarehe ya leo, useme na kwa nini umechelewa."

Hiyo "kwa nini" ilinikalisha pale muda mrefu. Nilimhurumia mzee, au nilimtii Nakijwa, au nilijihofia mwenyewe? Niliandika "niliogopa," na mpaka leo sijui kama huo ndio ukweli wote.

Nakijwa hakusimamishwa. Hata hivyo aliomba uhamisho kwenda Mwanga. Tulipoagana aliniambia, "Ulinisikiliza siku ambayo hukupaswa kunisikiliza." Ilikuwa lawama au shukrani? Nimestaafu, bado naligeuzageuza neno lile.

Ninachokijua ni hiki, mwanangu. Ndugu wa wagonjwa wana uchungu, wahurumie. Lakini huruma haifuti kofi. Mwenzako akipigwa au akitukanwa, hata na daktari mkubwa, simama naye kwanza. Kisha andika siku hiyohiyo: nani, saa ngapi, nani aliona. Akikuomba unyamaze, mweleze taratibu kwa nini utaandika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wodi nayo huugua.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo usiochoka kuuliza. Akupe na wenzako wa zamu ambao, siku utakayopigwa wewe, watakuona.