Mstari Ulipanda Siku Aliyoungua Mwanamisi

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, na tangu jana naikumbuka kwa hasira, kwa sababu yako. Ulinionyesha simu yako, mistari ya rangi inapanda na kushuka, ukanieleza kwa furaha hisa unazozifuatilia. Nikakuuliza, "Kampuni hiyo inatengeneza nini?" Ukacheka. "Shangazi, hilo halina maana. Mimi naangalia mstari tu." Nikanyanyuka nikaenda zangu jikoni, nawe ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Niliuogopa ulimi wangu. Leo umepoa kidogo, kaa unisikilize.

Usidhani mimi ni mgeni wa mistari hiyo. Niliijua kabla hujazaliwa, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu. Alinifundisha mjomba wangu Athumani, ndugu yake mama, aliyekuwa na duka la vyombo Ukunda: masufuria, mabeseni, chupa za chai, mbuzi za kukunia nazi, mikeka ya plastiki. Nilipomaliza shule Msambweni mama alinipeleka kwake nikamsaidie kuuza. Na sisi Wadigo unatujua. Mjomba akisema, hata baba hushusha sauti.

Mjomba alikuwa na hisa za kiwanda kimoja cha bara, hichohicho kilichomuuzia vyombo. Nyuma ya kaunta alibandika karatasi ya mirabamiraba, ile ya wanafunzi wa hesabu. Gazeti likifika kutoka Mombasa, kabla hajasoma habari za siasa wala za vifo, hutafuta bei ya hisa yake, akatia nukta, akaiunga na ya jana kwa rula. Kwa kalamu nyekundu huchora mstari wa pili, wa wastani wa bei za siku zilizopita. "Mweusi ukiukata mwekundu ukaenda juu, hiyo ni dalili ya kununua," aliniambia. "Ukiukata ukashuka, uza, usimngoje mtu." Nilipenda, sitakudanganya. Nilikuwa mwepesi wa hesabu, na punde si punde mjomba akaniachia kalamu nyekundu iwe yangu. Asubuhi zetu zilikuwa za furaha, chai upande huu, rula upande ule.

Kisha yakaja mabirika mapya ya kiwanda kilekile. Kwa macho yalikuwa mazuri, yanang'aa, na bei yake rahisi. Lakini kishikio kilishikizwa kwa vijimsumari vyembamba mno. Mwalimu mmoja wa Bongwe ndiye aliyerudisha la kwanza. Kishikio kilimbakia kiganjani, birika likabaki mezani, naye alikuwa akicheka. Mjomba akambadilishia. Akaja wa pili, akaja mwingine, na hao hawakucheka. Mjomba akawa anayapeleka mabovu uani, anavigongagonga vile vijimsumari kwa nyundo, kisha anayarudisha rafuni.

"Mjomba, haya tusiyauze," nilimwambia. "Maji ya moto hayana urafiki na mtu."

Akaelekeza kidole ukutani. "Unaona? Tangu mabirika haya yatoke, mstari unapanda. Kampuni mbovu mstari wake hupanda? Wanaonunua hisa kule Nairobi ni wasomi, wamechunguza. Wewe umechunguza nini?"

"Nimechunguza birika."

"Haya, chora."

Nikachora. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na cha kwetu kilipata wa kukitembeza.

Mmoja wa walionunua alikuwa Mwanamisi, tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Alikuwa akiuza chai na maandazi karibu na stendi, amelelewa na bibi yake tangu mama yake afariki. Nilimfungia birika kwenye gazeti kwa mikono yangu hii. Akaniuliza, "Ni imara lakini?" Nikamtazama mjomba. Mjomba akanitangulia kujibu: "Litakuzika hilo." Tukacheka sote.

Siku chache baadaye alilinyanyua likiwa limejaa chai inayotokota. Kishikio kikatoka. Chai yote ikamshukia, kutoka pajani mpaka unyayoni. Waliokuwapo walisema leso walipoivua ilitoka na ngozi. Akapelekwa hospitali ya Msambweni, na kilio chake, waliniambia, kilisikika mpaka upande wa pili wa barabara.

Bibi yake, Bi Mejumaa, alikuja dukani akiwa ameshika birika kwa mkono mmoja na kishikio kwa mkono wa pili. Duka lilikuwa na wateja. Akaviweka vyote juu ya kaunta.

"Shikamoo, mama," mjomba akamwambia.

"Shikamoo yako kaa nayo, Athumani. Mjukuu wangu amelala chali, hawezi kuguswa hata na shuka. Ulijua kwamba vitu hivi vinang'oka?"

Mjomba akaanza maneno mengi. Kwamba chombo huharibika kulingana na mtumiaji. Kwamba kampuni ile ni kubwa, inaaminika, watu wanaigombania. Akamwonyesha karatasi ya ukutani, akamweleza mstari mweusi na mwekundu kwa sauti ile ya upole aliyonifundishia mimi. Bi Mejumaa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na Mwanamisi yuko wapi hapo? Nionyeshe."

Mjomba akaishika rula yake.

"Siku aliyoungua ilikuwa Alhamisi. Alhamisi mstari wako ulifanya nini?"

Bi Mejumaa akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeichora Alhamisi ile mwenyewe, mwanangu. Nikasema, "Ulipanda, bibi."

Akanitazama. "Wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia mjomba."

"Ulimwambia anayeuza. Anayenunua ulimwambia?"

Yule mama hakunitukana, hakunyanyua mkono. Alisema tu, "Ulimtazama usoni mwenzio, ukamfungia moto kwenye gazeti," akatoka, akaviacha birika na kishikio pale pale kaunta.

Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Mimi nimeliona likiharibika mbele ya mzee, na mzee akashika rula. Siku ile sikujua nimkasirikie nani kwanza, mjomba au nafsi yangu. Nikayabeba mabirika yaliyokuwa rafuni, nikayatoa barazani, na kila aliyepita nikamwambia: msinunue haya, vishikio vinang'oka, yamemuunguza Mwanamisi. Mjomba alinivuta kwa mkono, akanifokea mbele za watu, "Huna adabu, unanivunjia riziki!" Nikamwambia riziki ya ngozi ya mtu siitaki. Akanifukuza. Mama alilia, akanisihi nikaombe radhi, nikakataa. Hata harusi yangu mjomba hakuja, na kwetu hilo si dogo. Waliokuja kuposa walimuulizia, na mama akatunga safari isiyokuwapo.

Najua unangoja nikwambie kwamba kiwanda kilifilisika na karatasi ikamuumbua mjomba. Hakikufilisika. Kilibadilisha vishikio kimyakimya, bila kumwomba mtu msamaha. Mstari ukaendelea kupanda, mjomba akauza hisa zake kwa wakati wake, akapata faida nzuri, akaezeka nyumba. Dalili zake zilikuwa sahihi, mwanangu! Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. Mwanamisi vidole vyake vya mguu viliganda pamoja. Kusimama kwa muda mrefu hawezi, biashara ya chai ikamshinda. Sasa anasuka ukili wa mikeka akiwa amekaa. Nilikwenda kumwomba radhi na akanipa, lakini mpaka leo nikimtembelea hunipikia uji, hanipi chai, na hatujawahi kuliongelea hilo. Mjomba alitangulia mbele ya haki bila kukanyaga kwa Mwanamisi. Mungu amrehemu. Namwombea kila Ijumaa, na hasira yangu bado iko.

Kwa hiyo sikukatazi hisa, wala sikukatazi kuzisoma dalili zake. Elimu haina kosa. Ninalolikataa ni lile neno lako la jana, kwamba kinachotengenezwa hakina maana. Mstari unakwambia watu wanakitamani kitu kwa kiasi gani. Haukwambii kitu chenyewe ni halali au ni sumu. Kabla hujatia pesa yako, kishike hicho wanachokiuza, kinunue, kitumie nyumbani kwako, umuulize anayekitumia kila siku. Ukikuta kinaumiza watu, toka, hata kama bei inapaa mbinguni, na usitoke kimyakimya ukadhani umesalimika. Mwambie atakayeumia. Ukimwambia bosi peke yake umejisafisha wewe tu, na mwenzio umemwacha njiani mwa balaa. Na siku utakapoulizwa swali la kweli kuhusu unachouza, jibu wewe, usimwachie mtu mwingine akujibie kwa mzaha.

Nimekusema kwa ukali kwa kuwa nakupenda. Nisingekupenda ningekuacha ucheke. Mola akufungulie riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake, akupe jicho la kuona na ulimi wa kusema ulichokiona, na watoto wako wale cha halali wakalala usingizi mwema. Amina.