Fundi Nguo na Picha za Mwanawe

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, fundi nguo wa ghorofa ya chini hufuta vidole kwa kipande cha kitambaa, kisha hufungua simu kutazama picha alizoweka mwanawe mtandaoni, zile zinazojifuta baada ya siku moja. Hatabasamu wala hakunji uso. Hata iwe picha ya tairi tu, huitazama mpaka ipite yenyewe.

Jana mteja alimtania, "Mama, nawe umetekwa na mitandao! Shingo itapinda hiyo." "Ipinde tu, mwanangu, gauni lako halitapinda," alijibu, pini zikiwa zimebanwa midomoni, na hata moja haikudondoka. Sote jengoni tunajua kwamba mwanawe alikosana naye na hapokei simu zake. Mteja alipoondoka, nilimpa sketi yangu ya kupunguzwa, nikajikaza nikamuuliza kwa nini huzitazama picha za mtu asiyetaka hata kumsemesha. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Wanaotazama, majina yao huwa anayaona," akasema. "Basi ajue mama yake bado mzima."