Baragumu Darasani

Mkaguzi nilimwogopa kuliko chui. Siku aliyokuja shuleni kwetu, milimani juu ya Same, enzi hizo za Mwingereza, nilifuta ubao mara tatu kabla ya kengele. Nilikuwa mwalimu wa majaribio. Akiridhika na somo langu, napata cheti. Asiporidhika, narudi kwa baba kupalilia migomba.

Na somo lenyewe, jamani, vipeo hasi, vile vinamba vidogo vya juu vyenye alama ya kutoa! Wiki nzima nilikuwa nimewafundisha kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Niliwaambia kipeo hasi ni baragumu linaloita watu kazini. Likilia, wote waliomo ndani ya mabano wanashuka chini ya mstari wa sehemu, na moja inabaki juu kulinda nyumba. Nilijiona mjanja kweli.

Mkaguzi alikaa nyuma, kofia magotini. Nikaandika (−2)⁻². Darasa zima likajibu robo. Nikapumua kidogo.

Kisha nikaandika −2⁻², bila mabano. Chaki ilikuwa imelowa jasho. Nikaeleza kwamba hapa anayeshuka ni mbili peke yake. Alama ya kutoa haimo ndani, inabaki juu, kwa hiyo jibu ni hasi robo.

Binti mmoja wa dawati la mbele akasimama. "Samahani, mwalimu. Baragumu likilia, jirani yake mbili anabakije nyumbani? Si atatozwa faini?"

"Na maji atanyimwa!" wengine wakadakia.

Mungu wangu! Nikaegemea ubao. Nikasema huyo jirani hakulisikia. Wakacheka: baragumu la ndiva nani asilisikie? Nikasema basi, anaumwa. Binti akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini basi hakutuma mtoto wake.

Mkaguzi akasimama. Akawaomba kila mmoja aandike jibu kwenye kibao chake, akapita akiangalia. Robo. Robo. Robo. Hakuna hata mmoja aliyemwacha jirani nyuma.

"Watoto hawa wamefundishwa vizuri sana," akaniambia kwa Kiswahili chake safi, akivaa kofia. "Na wazazi wao."

Cheti sikupata mwaka ule. Msaragambo uliofuata, baragumu lilipolia, nilikuwa wa kwanza kufika kwenye ndiva na jembe langu, nikiogopa yule binti asije akaniuliza kwa nini nimebaki nyumbani.