Meno Mawili ya Chini

Daktari wa meno alipokuja shuleni kwetu, chini kidogo ya msitu wa Olmotonyi, nilikuwa na meno mawili yaliyokuwa yakigombaniwa nyumbani. Ni yale ya mbele, ya chini, katikati. Koko, bibi yangu mzaa baba, alitaka yang'olewe kama ya kila Mwarusha aliyelelewa vizuri. Baba, ambaye pengo lake lilionekana kila alipoimba kanisani, alisema binti yake atabaki nayo.

Koko hakuwa mkaidi bure. Ujanani mdogo wake alishikwa na pepopunda, taya zikafunga kabisa, na yeye akamlisha maziwa kupitia pengo hilo, tone kwa tone, mpaka akapona. Aliponiona nikicheka, aliona nyumba isiyo na mlango.

Mwalimu alipotangaza kwamba daktari anakuja na chombo cha kupima nguvu ya kutafuna ya vijana, jino kwa jino, baba alifurahi. Alimwambia koko wangoje chombo kiseme kama meno yale yana kazi au hayana. Koko akakubali, upesi kuliko baba alivyotazamia.

Chombo kilikuwa vibao viwili vyembamba vya chuma vilivyovikwa mpira, na mwishoni kitu kama saa yenye mshale mmoja. Ukiuma vibao, mshale unasogea. Tulijipanga uwanjani, tukiwa na meno yetu ya rangi ya chai, rangi ambayo maji ya mlimani humpa kila anayeyanywa utotoni. Mvulana mmoja aliusukuma mshale kwa magego mbali kuliko sote, tukamwita Fisi, na jina likamganda hata alipooa. Wenye pengo walipofikia zamu ya kupimwa meno ya mbele, chuma kiliteleza na ndimi zikachungulia. Daktari, Mzungu mpole anayenukia sabuni, alicheka nao, akawaacha wapite.

Zamu yangu ilipofika, magego yangu yaliuma hadi masikio yakavuma. Chonge nazo zilijitahidi. Lakini kwa yale mawili ya chini mshale ulitikisika tu, kama mkia wa ndama anayefukuza nzi. Nilibana hadi machozi yakanitoka, kwa kuwa nilijua baba anategemea nini.

Jioni hiyo koko alikuwa amekaa mbele ya nyumba akitunga shanga, nami kando yake kama kawaida, nikimkatia uzi kila alipofunga fundo. Kisu kilichakaza uzi. Meno yangu ya mbele yaliukata karibu kabisa na shanga. Baba akaja, akauliza. Nikasema kweli: magego yana nguvu, ya mbele hayana.

Koko hakuacha kutunga. "Hata chuma cha Mzungu kimeona," alisema. "Hayo mawili yamekaa tu mlangoni kama wageni."

"Kimepima kuuma, mama. Hakikupima mengine."

"Mengine yapi?"

Baba alikuwa mtu wa kushika neno lake, basi akakubali, na mzee wa kung'oa meno akaagizwa aje baada ya mavuno ya mahindi.

Alikuja asubuhi ya baridi, wingu limekalia Meru, kisu chake kimefungwa katika ngozi. Koko alimpa maziwa na kumwuliza habari za ng'ombe wake. Mikononi alikuwa na ukosi wa shanga wa binamu yangu aliyekuwa karibu kuolewa. Alifunga fundo na, bila kunitazama, akaninyoshea uzi. Nikaukata. Akafunga jingine, mkono ukaanza kuja kwangu tena, kisha ukasimama hewani.

Aliurudisha ule uzi, akautia kinywani mwake. Akaugusa kwa ulimi pale penye pengo lake, pasipo na jino la kuukata.

"Rudi nikimaliza ukosi huu," alimwambia yule mzee.

Ukosi aliumaliza kabla ya arusi, akaanza mwingine siku hiyohiyo, na tangu hapo sikumwona hata mara moja akiwa hana kazi ya shanga mkononi.